Sahihi ya Tatu

Kila asubuhi, kabla ya chai, Baba Mkubwa alivaa viatu akiwa amelala chali. Alikuwa analala juu ya kitanda cha mbao kisicho na godoro, anainua mguu mmoja hewani kama mtoto anayevishwa nepi, anavuta kiatu, anafunga kamba, kisha mguu wa pili. Akimaliza anajiviringisha mzima mzima kama gogo mpaka ukingoni, anasimama. Kuinama hakuweza. Kitu kikimdondoka alikitazama tu pale chini mpaka apite mtu wa kukiokota. Mara nyingi mtu huyo nilikuwa mimi, maana tangu mkewe afariki nyumba ile ilikuwa yetu wawili.

Jina lake ni Ariyadasa Kekulawala. Hapa Kadugannawa wanamwita Ari wa Reli, kwa sababu alifanya kazi reli miaka thelathini na moja na kustaafu akiwa stesheni masta. Lakini kabla ya hapo, alipokuwa na miaka ishirini na minne, aliichezea nchi kriketi. Mechi nne za Testi, zile za siku tano, na kazi yake ilikuwa kurusha mpira kwa kasi. Alipoingia ile ya nne alikuwa na ufa kwenye mfupa wa mgongo, na hakumwambia mtu. Akarusha ova ishirini na saba, na ova moja ni mipira sita. Kwenye ya ishirini na nane miguu ilimkatikia. Walimtoa uwanjani juu ya ubao wa matangazo ya sabuni, na kriketi yake ikaishia hapo. Watu wakimuuliza alijibu maneno matatu tu: "Nilificha, mgongo ukavunjika."

Mtu huyo ndiye waliyemwita miaka mitatu iliyopita awe mmoja wa wateuzi watatu wa timu ya taifa. Nchi yetu ina watu milioni ishirini na kitu, na kila mmoja ana timu yake kichwani. Muuza samaki akifika na baiskeli haulizi unataka kilo ngapi. Anauliza kwanza, "Mzee Ari, yule mlinda wiketi anayedaka kwa mikono kama ya bata, mnamrudisha tena? Mnatuchukia?"

Baba Mkubwa alikuwa anajibu, "Nipe samaki."

Wateuzi wenyewe walikuwa na mapatano yao. Mwaka wa kwanza waligombana vibaya, mmoja akidai jina lilibadilishwa yeye akiwa hayupo. Basi wakaandikiana: orodha haiendi kokote bila sahihi tatu, na sahihi zisipotimia kabla ya saa tisa alasiri ya siku ya mwisho, timu iliyocheza mechi iliyotangulia ndiyo inayocheza tena, vile vile ilivyo. Waliiandika ili watishane, wapatane upesi. Haikuwa imetumika hata mara moja.

Safari hii wageni walikuwa wanakuja kucheza Kandy, jirani yetu, wakati wa mvua, kwenye uwanja wenye majani mabichi. Majina kumi yalikuwa yamepita bila kelele. Lilibaki la kumi na moja, mrushaji wa kasi. Kulikuwa na Thennakoon, mwenye miaka thelathini na mitatu, asiye na kasi kubwa wala makosa, aliyecheza mechi iliyopita akapata wiketi moja, yaani alimtoa mpigaji mmoja tu. Na kulikuwa na Isuru Hapugoda wa Bibile, miaka ishirini na mmoja, ambaye wapigaji wakubwa walikuwa wanarudi nyuma hatua moja kabla hata hajaanza kukimbia. Nchi nzima ilimtaka Isuru. Baba Mkubwa alimtaka kuliko nchi nzima. Yeye ndiye aliyemwona kwanza, kwenye kiwanja cha shule, anarusha mpira peku.

Jumapili, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya kikao, Isuru alikuja nyumbani kutoka kambi ya timu. Alibeba machungwa ya kwao, yale ya ganda la kijani, na shada la majani ya tambuu. Baba Mkubwa alikuwa amesimama uani. Alifurahi, nilimwona. Akalipokea shada kwa mikono miwili hata kabla ya salamu kwisha.

Baada ya kutoa tambuu kijana hupiga magoti na kugusisha paji la uso miguuni pa mkubwa wake. Ni jambo la sekunde tatu. Watoto wanalifanya huku wanakimbilia basi la shule. Isuru lilimchukua muda. Alishusha goti la kulia, akangoja, akashusha la kushoto. Akaweka kiganja chini kama anayetafuta kifungo kilichodondoka. Mgongo ulibaki umenyooka kama mlango. Paji la uso halikufika miguuni. Na alipotaka kuinuka alitazama kushoto na kulia, akashika mguu wa kiti cha barazani, akajivuta nao.

Mimi nilikuwa mlangoni pa jiko na nusu ya nazi mkononi. Nikamtazama Baba Mkubwa. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesikiliza injini inayokuja na mlio mbaya.

"Geuka," alisema.

"Bwana?"

"Nipe mgongo."

Isuru akacheka kidogo, lakini akageuka. Baba Mkubwa akasogea karibu na shati lake, akavuta pumzi. Babu yangu alikuwa mganga wa mifupa, na Baba Mkubwa alikulia kati ya vyungu vyake. Mafuta ya mkono uliovunjika na ya kifundo yana harufu ya ufuta na tangawizi. Ya uti wa mgongo yana kitu kingine ndani yake, kinanuka kama mvua juu ya chuma chenye kutu, na kwa sabuni hakitoki.

"Nani anakukanda?"

"Hakuna, Bwana. Ni kifundo tu, niliteguka mazoezini."

"Kifundo chako kiko mgongoni?"

Isuru akatazama lango, akanitazama mimi, akatazama machungwa.

"Amesema nini huyo mganga?"

"Nipumzike miezi mitatu."

"Na daktari wa timu?"

"Hajui. Nilimeza vidonge nikarusha ova nne mbele yake, akanipitisha." Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayeeleza akili yake nzuri, "Mganga wetu haandiki karatasi, Bwana. Ndiyo maana nilikwenda kwake. Hospitali wangepiga picha, na picha ingefika kwa Mwenyekiti wenu."

Harufu hakuiwaza. Kwao Bibile kila nyumba inanuka mafuta ya mtu fulani, nani angejali.

Baba Mkubwa alisema polepole, "Unajua walinitoaje uwanjani."

"Kila mtu anajua, Bwana."

"Unajua ubao. Hujui kwamba marehemu mke wangu alinivalisha soksi miaka kumi na tisa. Hujui kwamba mtoto wa ndugu yangu huyu hapa nilipakatishwa, sikumwinua mwenyewe. Mwambie Mwenyekiti. Wewe, kwa mdomo wako, kesho kabla ya kikao."

"Siwezi." Machozi yalikuwa yamefika lakini hakuyaachia. "Ni siku tano tu. Nyuma yangu wako wanne, wote wana kasi. Nikipumzika miezi mitatu nani atanikumbuka? Na nikisema, magazeti yataniita mgongo mbovu mpaka nizeeke."

"Utazeeka ukitembea."

"Bwana, tambuu yangu umekwisha kuipokea." Hapo sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu anayeshika kitu cha mwisho. "Nipe neno moja basi. Usimwambie mtu."

Baba Mkubwa aliyatazama yale majani mkononi mwake kama mtu aliyetia sahihi barua kabla ya kuisoma. Kuyarudisha hakukuwezekana. Mtu harudishi tambuu, na aliyeipokea hamnyimi mtoaji ombi lake.

"Sitasema," alisema. "Nimekupa hilo. Hilo tu, Isuru, usilivute likawa kubwa."

Isuru aliondoka akiwa mwepesi kidogo. Nadhani alihesabu kwamba asiyeweza kutaja sababu hataweza kukataa. Haya nayaandika leo kwa kuwa Isuru mwenyewe ameniruhusu.

Jumatatu wateuzi wenzake Baba Mkubwa walifika saa sita. Walikutana kwetu kwa sababu Baba Mkubwa hakuweza kukaa kwenye gari mpaka Colombo, na pia kwa sababu kule waandishi wa habari walikuwa wamepiga kambi mlangoni. Mwenyekiti alikuwa Lakdasa Pinnawala, mtu safi, mwenye kalamu mbili mfukoni. Wa pili Farouk Sahabdeen, aliyekuwa mlinda wiketi zamani, akidaka mipira ya Baba Mkubwa mwenyewe. Vidole vyake vimepinda kila kimoja kwa njia yake. Watoto wakimshangaa huwaambia hicho kimoja kinaelekeza Jaffna kaskazini na hiki Matara kusini.

Wakala wali na mchuzi wa fenesi. Farouk akasifu, akaongeza mara mbili. Baba Mkubwa alisukuma chakula upande mmoja wa sahani, akakirudisha upande wa pili. Kila pikipiki ikipita barabarani aliinua kichwa. Simu yake ilikuwa mezani, kioo juu. Saa saba ikapita. Saa nane ikapita. Isuru hakuja wala hakupiga.

Pinnawala akatandaza karatasi. "Kumi wako tayari. Wa kumi na moja, Hapugoda. Kaka Ari, tia sahihi hapo tunywe chai, gari lina safari."

"Thennakoon," alisema Baba Mkubwa.

Farouk alicheka mpaka alipoona anacheka peke yake. "Thennakoon? Kaka, yule akirusha mpira, mpigaji ana nafasi ya kumwandikia mama yake barua."

"Anauweka pale pale siku nzima. Uwanja una majani, utamsaidia."

"Uwanja wenye majani unamtaka mwenye kasi," Pinnawala alisema. "Ni maneno yako, si yangu. Jumatano kwenye simu ulisema kijana huyu atawatoa meno. Nimeandika."

"Nimebadili mawazo."

"Kwa sababu gani?"

Baba Mkubwa alinyanyua glasi ya maji, akanywa, akaiweka pale pale ilipoacha duara la unyevu.

"Nakuuliza, Kaka. Nchi nzima itaniuliza mimi."

"Sina sababu ya kukupa."

"Hapo sasa." Pinnawala alifunga kalamu. "Thennakoon anachezea klabu ya Reli. Watu watasema Ari anambeba mtu wa kwao."

"Waseme."

"Mimi ndiye nitakayekuwa wa kwanza kusema."

Farouk akamgusa mkono. "Taratibu, Lakdasa, tumekula wali wa watu."

Lakini Baba Mkubwa alikuwa tayari amebadilika rangi. Miaka thelathini na moja reli, hakuna aliyewahi kumwambia kwamba alimpitishia mtu hata kikapu bila tiketi. Nilitaka aseme. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na neno lenyewe lilikuwa mdomoni mwangu pia, dogo tu. Nikaenda jikoni kuliacha huko, nikashindwa, nikarudi.

Pinnawala alikuwa amekwisha kupiga simu, sauti imefunguliwa ili wote wasikie. Kule kambini mipira ilikuwa inagonga magongo, ko, ko.

"Isuru, mwanangu, mwili ukoje?"

"Mzuri, Mwenyekiti."

"Maumivu popote?"

Ko. Ko. Ko.

"Hapana, Mwenyekiti."

"Kaka Ari yuko hapa, labda ana la kukuuliza."

Baba Mkubwa aliichukua simu, akaiinua mpaka usawa wa uso, kwa kuwa yeye hakuweza kuiinamia. "Isuru."

"Bwana."

"Sasa hivi ni saa nane na dakika kumi na nane."

Ile mipira ilinyamaza, au labda alikuwa amesogea kando.

"Najua, Bwana."

"Ziko dakika arobaini na mbili."

Nilimsikia akivuta pumzi. Nikasema moyoni, sema, sema, sema.

"Niko sawa, Bwana," alisema Isuru. "Nimekwisha kumjibu Mwenyekiti." Simu ikakatika.

"Dakika arobaini na mbili za nini?" Pinnawala aliuliza.

"Za sahihi."

Sasa Farouk hakuwa anacheka. Mlinda wiketi kazi yake ni kuchuchumaa na kumtazama mtu mmoja kutwa nzima, na alikuwa anamtazama Baba Mkubwa hivyo hivyo. "Kaka, wewe unajua kitu."

"Najua vitu vingi, Farouk. Nina miaka sitini na tatu."

"Kijana ni mgonjwa?"

"Sikusema hivyo."

"Basi si mgonjwa. Sema 'si mgonjwa', tia sahihi, twende."

Baba Mkubwa alifungua mdomo. Nilijua vilivyomo humo ndani, vyote viwili. Tangu nianze kuishi naye, nilipoacha shule darasa la sita, sijamsikia akisema uongo, hata kwa muuza samaki. Akisema ndiyo, neno alilompa Isuru limekufa. Akisema hapana, ni uongo, na kalamu iko pale mezani. Na akikaa bila kusema, Farouk angesoma usoni. Alikuwa amebakiza kidogo sana aujue ukweli.

Baba Mkubwa akafunga mdomo. Akashika meza kwa mikono yote miwili, akajiinua.

"Natoka kidogo," alisema.

"Kwenda wapi?" Pinnawala alishtuka. "Ari! Ni saa nane u nusu!"

"Kupata hewa."

Simu yake aliiacha pale karibu na karatasi. Nikamkimbilia na mwavuli mpaka langoni, kwa kuwa mawingu yalikuwa yameshuka. Aliupokea bila kunitazama.

"Utarudi saa ngapi, Baba Mkubwa?"

"Leo wataniuliza hawa wawili. Kesho waandishi, keshokutwa muuza samaki. Mtu akiniuliza mara mia ana kwa ana, mwanangu, ipo siku nitajibu." Akafungua lango. "Nakwenda kwa shangazi yako Haputale, huko milimani. Kibali changu cha kusafiri bure na reli kiko mfukoni. Wali uliobaki mpe Farouk."

"Na mimi wakiniuliza?"

Hapo alinitazama. "Wewe hukutoa neno kwa mtu," alisema. "Fanya unavyoona."

Kulia ni kwenda sokoni, kushoto ni stesheni. Alikwenda kushoto, amenyooka, hatua zile zile za kila siku.

Barazani walingoja kwanza kwa kukaa, kisha kwa kusimama. Saa nane na dakika arobaini Pinnawala alimtuma dereva akamtafute sokoni. Dereva akarudi na mvua kichwani, hakumwona.

"Binti," Farouk aliniita kwa upole. "Kuna nini hapa?"

"Sijui, Mjomba," nilisema. Aliniangalia sana. Nikaanza kukusanya sahani.

Saa tisa kasoro dakika tano Pinnawala alizunguka meza, akavuta ile karatasi, akafungua kalamu juu ya nafasi ya tatu. "Sahihi yake naijua kama yangu. Nani atauliza?"

"Mimi," alisema Farouk. "Weka kalamu, Lakdasa."

"Unataka tuingie na Thennakoon? Watatuchoma moto!"

"Nimedaka mipira ya yule mtu mechi nne. Sijui anachojua. Lakini anajua. Weka chini."

Walitazamana. Mvua ikaanza kupiga bati kwa nguvu, na saa ya ukutani ndani, ambayo kwa kawaida hatuisikii, ilikuwa inasikika. Pinnawala hakuandika. Wala hakuiweka kalamu chini. Alisimama nayo vile vile mpaka saa ikagonga tatu, kama zinavyogonga saa zote za kizungu, na yetu ikawa saa tisa kamili.

Akapiga simu ofisini. "Timu ile ile ya mechi iliyopita," alisema, kana kwamba anatema mbegu. "Ndiyo, wote. Thennakoon, ndiyo, umesikia vizuri. Maelezo hakuna." Akaikunja karatasi mara nne, akaingia garini bila kuaga. Farouk alibaki nyuma kidogo, akasimama mbele ya kiti cha Baba Mkubwa.

"Akirudi mwambie sijakasirika," alisema. "Nimekasirika, lakini wewe mwambie hivyo."

Kutoka ngazi za nyumba yetu jukwaa la stesheni linaonekana vizuri. Treni ya kupanda milimani, ya Badulla, iliingia imechelewa dakika saba. Niliuona mwavuli mweusi ukifungwa, na mtu aliyenyooka akishika vyuma vya mlango na kujivuta ndani kwa mikono, bila mzigo wowote. Treni ikapiga honi ikaondoka. Jukwaani alibaki mpeperusha bendera peke yake, na Baba Mkubwa hakurudi, siku ile wala mvua zilipokwisha.